Mtoto anatema dawa yote, baba yuko safari, kila mtu ana ushauri tu. Nyie wa watoto wadogo mnafanyaje?

Mke wa Dereva (mwenye uzi)

Jamani habari za usiku huu. Mtoto yuko kifuani, nikimlaza tu anaamka analia, kwa hiyo naandika kwa kidole gumba na herufi zikiruka mtanielewa ivo ivo.

Huyu ni wa pili wangu, wa kiume, mwaka mmoja na miezi saba. Tulikwenda Arua kwenye matanga ya shangazi, tukarudi Kampala, haukupita muda mwili ukaanza kuchemka, hali chakula, hachezi, amekuwa wa kubebwa tu. Kliniki ya hapa mtaani wakamtoboa kidole wakasema malaria. Nikapewa Coartem ya watoto ile ya kuyeyusha kwenye maji, sirapu ya paracetamol na vipakiti vya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Maelezo yote niliyopata pale dirishani ni "moja mara mbili siku tatu mama, haya anayefuata", na yule wa nyuma yangu alishaweka mkono dirishani.

Sasa nawauliza wenzangu, watoto wa umri huu mnawapaje dawa? Maana wangu akiona kile kikombe cha plastiki mdomo unafungwa kabisa. Nikitumia sirinji anaing'ata. Ikiingia anaikusanya shavuni, anakutazama, halafu anaisukuma yote nje kwa ulimi, inashuka shingoni mpaka kwenye fulana. Maji ya njano yako kwenye gauni langu, kwenye shuka, kwenye mto. Jirani kaniambia mbane pua atameza tu, nimekataa, mtoto analia halafu umbane pua, si dawa itaingia kwenye mapafu?

Kulia kwake nimeshakuzoea. Kinachoninyima usingizi ni kwamba sijui imeingia kiasi gani. Katema nusu? Robo? Halafu baadaye kidogo anatapika maziwa na kitu cha njano ndani yake, hiyo ni dawa ya sasa hivi au ni ile ya mwanzo? Nirudie? Nikirudia nitakuwa nimemzidishia? Saa nane za usiku utamuuliza nani, kliniki imefungwa, namba waliyoniandikia kwenye pakiti inaita mpaka inakata.

Mume wangu ni dereva wa trela, anapeleka mizigo Juba. Yuko Elegu kwenye foleni ya forodha, simu inashika na kupotea. Akipiga anauliza ameamkaje, nasema bado, ananyamaza, baadaye naona meseji ya senti zimeingia. Simlaumu, anahangaika kwa ajili yetu. Lakini senti haziwezi kumshika mtoto nikaenda chooni.

Na ngoja niseme lililonijaa. Tangu huyu mtoto aanze kuumwa kila mtu ana la kuniambia. Jirani wa kulia anataka nimwogeshe mululuza, yale majani machungu. Wa kushoto anasema nilimpandisha boda bila kumfunika kichwa ndiyo upepo ukamwingia. Mama mkwe anapiga simu anauliza nilimlisha nini huko matangani, kwa sauti ile mnayoijua. Bosi wangu wa arkedi (jengo la maduka, nauza vitenge) anasema leta mtoto dukani umlaze nyuma ya kaunta. Mdomo kila mtu anao. Hajatokea hata mmoja wa kusema lete hizo shuka nizifue, au nipe huyo mtoto nimshike ukaoge. Jerikeni zote tupu, maji ya bomba kwetu yanatoka usiku sana na siwezi kuteka na mtoto mgongoni akiwa na joto hivi. Dada yake yuko P.2 (darasa la pili), leo kalala na chai na kipande cha mkate, daftari lake la kusaini liko hapa pembeni sijalifungua.

Haya, nimesema. Mwenye njia ya dawa anisaidie, dozi inayofuata ni asubuhi.

Binti wa Bombo

Pole mno dada yangu. Wangu alikuwa ivo ivo mpaka tukapata njia, nakuandikia tuliyofanya.

Chukua leso, mfunge mikono yote ndani, si kwa nguvu ya kumuumiza, ile ya kumkumbatia tu. Mkalishe pajani amekaa wima kidogo, usimlaze chali kabisa. Tembe iyeyushe kwenye maji kidogo SANA, wengi tunaharibu hapo, tunaweka nusu kikombe, sasa mtoto mgonjwa atamaliza lini nusu kikombe cha kitu asichokitaka? Mimi naweka vijiko viwili vya chai. Navuta kwenye sirinji isiyo na sindano, naingiza pembeni ya shavu, ndani huku karibu na magego, siweki mbele ya ulimi maana mbele ndiko anakosukumia. Nasukuma kidogo, nasubiri ameze, kidogo tena. Akigoma kumeza nampulizia usoni pumzi nyepesi, anashtuka anameza mwenyewe. Usicheke, jaribu.

Alafu kile kikombe kisuuze na maji kidogo tena umpe, dawa nyingi inabaki imeganda chini.

Kuhusu shuka sina la kusema dada, ningekuwa Kampala ningekuja kuzichukua.

mpakani Busia

Kwetu bila kijiko cha asali baada ya dawa hakuna linaloendelea. Wangu alishapita mwaka lakini, chini ya mwaka asali hapana, nesi alinikataza vikali.

Hajati wa Kisenyi

Mwanangu pole. Mimi ni bibi wa wajukuu wengi na nimeona mengi. Mtoto wa umri huo, joto, kutapika, kukataa kula, kutoa udenda, mfungue mdomo umwangalie ufizi wa juu pale pembeni. Ukiona pamevimba na pana weupe hayo ni ebiino, meno ya nailoni. Hospitali hawayaoni hayo. Yapo mamama wanaoyatoa, mtoto analala usiku huo huo. Usimalize pesa kwenye makliniki.

Baba wa Wawili

Hajati kwa heshima zote mama yangu, hapo usimpeleke dada wa watu. Mtoto wa kaka yangu walimtoa hayo "meno" kwa spoku ya baiskeli, alivuja damu mpaka akaongezwa damu hospitali, na malaria ilikuwepo pale pale haijaguswa. Mpaka leo jino moja la pembeni halijaota.

Dada mwenye uzi, mimi ni mwanaume lakini nakuelewa kuliko unavyodhani, maana mke wangu ni mwalimu wa bweni na wagonjwa wote wa nyumba hii nawashika mimi. Unajua naulizwa nini kila nikifika kliniki? "Mama yake yuko wapi?" Kabla hata ya kumgusa mtoto. Nimembeba, ana joto, jina najua, uzito najua, chanjo najua, dawa aliyokunywa na saa aliyokunywa nimeandika, bado wanatazama nyuma yangu kuona kama kuna mwanamke anakuja. Siku moja nesi alimpa maelezo ya dawa mama mgeni kabisa aliyekaa kando yangu ili ANISAIDIE. Sikugombana, nikamwomba arudie kwangu.

Na kazini ndiyo usiseme. Niliomba siku moja bosi akaniambia kwani wewe ndiyo unanyonyesha? Nikaenda kuitafuta ile sheria ya ajira ya 2006 niisome mwenyewe. Mama anapata siku 60 za kazi za uzazi, baba siku 4, likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi minne uliyofanya kazi, na ukiumwa kuna ruhusa ya ugonjwa lakini ni ugonjwa wako wewe mfanyakazi. Ya kumuuguza mtoto unaikata kwenye likizo yako kama unayo, na kama unauza duka la mtu bila barua yoyote unaikata kwenye mshahara. Watu wanaotunga hizi sheria na wao wana watoto, sijui wakiumwa wanashikwa na nani.

Nesi wa Lango

Dada nimekuona, ndiyo natoka zamu ya usiku. Mimi ni nesi kituo cha afya III huku Lango, kaskazini mwa Uganda, na malaria ya watoto ndiyo kazi yangu ya kila siku, ngoja nikujibu moja moja.

Hajati shikamoo. Naomba nianze na hilo kabla mtu hajaamka asubuhi akatafuta spoku. Huyu mtoto ana miezi 19, ni umri wa meno ya pembeni kuota, yale machonge. Ufizi unavimba na ule weupe ni jino lenyewe changa liko chini linakuja. Ukilichimba unatoa jino la kweli la mtoto, kwa chuma kisichochemshwa, na yeye tayari damu imepunguzwa na malaria. Tunawapokea hapa wamevimba uso mzima. Mama yangu najua unasema kwa upendo, lakini hili hapana.

Sasa dawa. Mtoto wa kilo 5 mpaka isiyofika 15 ni tembe MOJA kila dozi, jumla tembe 6. Hiyo "mara mbili" waliyokuambia haikutosha. Ya pili inatolewa masaa 8 baada ya ya kwanza, halafu kesho yake na keshokutwa asubuhi na jioni. Ukianza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, usisubiri mpaka umlaze.

Impe na kitu chenye mafuta. Hii watu hawaambiwi na ndiyo kubwa, dawa hii bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Maziwa, ziwa lako mwenyewe kama bado ananyonya, ovakado iliyopondwa, uji uliotiwa binyebwa (karanga za kusaga), chochote atakachokubali hata vijiko vitatu.

Akitapika: ndani ya nusu saa tangu ameze, rudia tembe nzima, hujamzidishia, ile imetoka. Karatasi ya ndani ya boksi yenyewe inasema mpaka saa moja. Ikishapita hiyo saa moja iache, imeshaingia. Na ukirudia ujue tembe zitakupungukia mwisho, kwa hiyo rudi waongeze, usimalizie dozi na pengo. Ukirudia na akaitapika tena usiendelee kupambana naye nyumbani, malaria ikifika hapo ina sindano yake na anatakiwa awe kituoni.

Kutema ni kitu kingine. Ikitoka pale pale kabla hajameza, kusanya uliyoweza kwa kijiko umrudishie. Ndiyo maana naungana na Binti wa Bombo, maji kidogo. Pua usimbane, ulikuwa sawa kukataa.

Paracetamol pima kwa sirinji, vijiko vya nyumbani havilingani. Wako ana kilo ngapi? Kama ni 10, dozi moja ni miligramu 100 mpaka 150, sirapu nyingi za hapa zina 120 kwenye mililita 5, kwa hiyo mililita 5 inamtosha. Yapite masaa manne mpaka sita, isizidi mara nne kwa siku nzima. Mvue nguo nzito. Hiyo ya kumfunika blanketi mbili ili atoe jasho hapana, na maji ya baridi sana pia hapana.

Na haya ukiyaona usisubiri kuche, mpeleke usiku huo huo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika KILA kitu, amelegea huwezi kumwamsha akakutazama, ameshikwa na degedege, mkojo umekuwa rangi ya koka, viganja vimekuwa vyeupe. Kupumua pia, mfunue tumbo akiwa ametulia uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu, mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au kuzidi ni haraka mno.

Degedege ikitokea mlaze ubavu, toa vitu vya karibu, usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si kitunguu, halafu nenda.

Niambie ameamkaje.

Mama Nakivale

Pole mama. Siye huku kambi ya wakimbizi ile shida tunaijua lakini Mungu ametusaidia na VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijijini. Wetu anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, ana boksi yake ya dawa, ana kipimo cha malaria, mtoto akipata joto hata usiku namgongea mlango. Anapima, anatoa dozi ya kwanza mbele ya macho yake, anangoja aone kama mtoto atatapika. Halafu kesho anapita mwenyewe kuangalia. Halipwi kitu cha maana huyo mama na ana watoto wake pia.

Nyie wa mjini mna makliniki kila kona lakini wa kukufuata nyumbani hamna, ndiyo maana unateseka usiku peke yako.

Mke wa Dereva

Asanteni, asanteni sana, nimesoma yote mara nyingi. Nesi Mungu akulinde, hakuna mtu aliyewahi kunieleza dawa hii namna hii, na mkubwa wangu ameshakunywa hizo tembe mara kadhaa maishani mwake.

Nimefanya kama alivyosema Binti wa Bombo. Leso, pajani, sirinji kwenye shavu, vijiko viwili vya maji. Alipiga kelele mtaa mzima ukajua lakini ILIINGIA, nikampulizia, akameza, akaonekana kushangaa. Nikampa ziwa palepale. Nikaweka saa mbele yangu nikawa naangalia nusu saa ipite, nilikuwa naomba dua kila akikohoa.

Haikupita. Kabla ya nusu saa akaitoa yote na ziwa.

Nikarudia kama ulivyosema nesi. Hiyo ya pili ikakaa lakini akawa amelegea sana na ORS anaigeuzia uso, nikaona hapana, asubuhi nikafunga mlango, mkubwa nikamwacha kwa mwenye nyumba, nikapanda boda mpaka kituo cha serikali.

Jamani ile laini. Nilifika hata jua halijatoka na benchi limejaa. Mlangoni anauliza una buku? Nikasema kadi ya chanjo ninayo, hapana, daftari, nenda nje kanunue daftari la kuandikiwa. Na mtoto kifuani nikatoka kutafuta daftari la shule, lina picha ya twiga juu, nikarudi nafasi yangu imekaliwa. Nilisimama. Mama mmoja aliyekuja na mapacha ndiye aliyesogea akaniambia njoo ukae hapa nalongo (mama wa mapacha) mwenzangu, nikamwambia mimi si nalongo, akasema kaa tu. Nilikaribia kulia pale.

Musawo (daktari) aliyetuona alikuwa mtu mzuri sana, simtaji. Alimgusa viganja, akamvuta ngozi ya tumbo, akahesabu pumzi, akapima uzito, kilo 9 na nusu, amepungua. Akasema hajafika pa sindano, endelea na tembe, lakini mpe ORS kijiko kimoja kimoja, kila dakika chache, akitapika pumzika kama dakika kumi uanze tena taratibu. Akaniandikia tembe za kuongezea. Dirishani nikaambiwa za watoto zimeisha, kanunue nje. Huduma ni bure tangu 2001 tunaambiwa, na kweli sikulipa kumwona, lakini daftari nimenunua, boda kwenda na kurudi nimelipa, tembe nimenunua dukani. Angalau niliangalia lile jani la kijani kwenye pakiti, alama ya dawa ya malaria iliyopunguzwa bei, na bei yake haikuwa mbaya.

Nikarudi nyumbani mama mkwe kapiga. Kamsikia Hajati mwingine huko kwao, naye ANATAKA ebiino zitolewe. Nimemwambia mama, kwa heshima, huyu mtoto hatoki mikononi mwangu kwenda kwa mtu yeyote mwenye chuma. Amekata simu. Najua mume wangu atapigiwa huko Elegu, na atapigiwa kabla sijampigia mimi.

Binti wa Bombo

Umefanya vizuri mno. Mama mkwe atapoa mtoto akipona.

Hajati wa Kisenyi

Nesi nimekusoma na wewe baba nimekusoma, sikasiriki. Wakati wetu tulikuwa mbali na hospitali, ukiona mtoto anakwisha unashika chochote. Wangu mmoja sikumpata. Nimetazama leo mjukuu wangu ufizi, ni weupe ule ule, na hajaugua hata mafua.

Wewe mke wa dereva unakaa sehemu gani? Kama ni upande wa Kawempe nina binti yangu Kyebando anakaa nyumbani mchana. Niandikie faragha nikupe namba yake, atakuja akushikie mtoto ulale.

Baba wa Wawili

Hajati umenigusa. Asante mama.

Dada kuhusu ORS, wangu walikuwa hawaigusi kabisa ile chumvi chumvi. Nilichofanya nachanganya vizuri kwenye lita nzima ya maji yaliyochemshwa (angalieni pakiti, nyingi ni za lita moja, ukitia kwenye kikombe kimoja inakuwa kali ni hatari kwa mtoto), naiweka ipoe, halafu namnywesha kwa kizibo cha chupa. Kizibo! Anadhani ni mchezo, ananinywesha na mimi, namnywesha yeye, dada yake anakunywa pia. Usiongeze sukari wala soda ndani. Ikipita siku moja mwaga uchanganye nyingine.

Kazi mnafanyaje nyie wengine, kuna mtu amewahi kupewa ruhusa ya mtoto mgonjwa bila kukatwa? Nauliza kweli.

mpakani Busia

Mimi nauza nguo sokoni sina bosi, ila nikifunga meza siku mbili wateja wanahamia meza ya jirani. Sasa tumekubaliana akina mama watatu, mtoto wa yeyote akiugua wawili wanamuuzia, faida anaikuta. Tulianza baada ya mmoja wetu kukaa wodini mpaka mtaji ukaisha wote. Kwa arkedi sijui kama inawezekana lakini jaribuni kuongea na wa duka la pembeni.

Mke wa Dereva

Hajati nimekuandikia. Binti yako amekuja, alifika na chupa ya chai na akaanza na vyombo kabla sijamwomba. Nimelala. Nimeamka sijui kama ni asubuhi au jioni. Nimekuta shuka ziko kwenye kamba na mkubwa anasomewa kitabu. Sijui niseme nini mama yangu.

Taarifa ya mgonjwa: dozi zote zimeisha, ile ya mwisho aliinywa kwenye sirinji akiwa ameishika mwenyewe, kizibo cha Baba wa Wawili nacho kimefanya kazi. Joto halijarudi. Leo kanyang'anya dada yake posho (ugali) na maharage, kisha akaomba tena kwa kunyosha mkono kwenye sufuria, nilisimama pale namwangalia tu anavyotafuna. Bado mwepesi nikimbeba na analia hovyo, akiniona nafunga hijabu anadhani naondoka, ananing'ang'ania mguu.

Mume wangu amevuka, yuko Nimule. Alipigiwa na mama yake kama nilivyosema. Nilimsomea maneno ya nesi kwenye simu, yale ya machonge, neno kwa neno. Akakaa kimya kidogo akasema nitaongea na mama mimi mwenyewe, wewe usimjibu tena. Nimeshukuru hilo kuliko senti zote alizotuma.

Bosi amenikata siku zote ambazo sikuja. Leo nimerudi dukani, nikaongea na dada wa duka la pembeni kuhusu ile njia ya Busia, amesema anaitaka, na yeye ana wa miezi tisa.

Nesi swali moja la mwisho. Nasikia kuna chanjo ya malaria, mbona wangu hakupewa? Kadi yake imejaa, sijaruka hata moja.

Nesi wa Lango

Alhamdulillah, nimefurahi kweli. Huo ulaji muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi, kilo itarudi. Ila kama joto likirudi ndani ya mwezi huu usianze tembe mwenyewe, rudi apimwe, waambie ametoka kumaliza Coartem.

Chanjo ipo. Ilizinduliwa Aprili 2025 Apac, hapa kwetu Lango, na ikaanza kwenye wilaya 105 zenye malaria nyingi na ya wastani. Ni dozi nne, miezi 6, 7, 8 na ya mwisho miezi 18, na ni bure. Si kila wilaya imo, ndiyo maana kuna kadi zimejaa bila hiyo. Peleka kadi kituo chako uwaulize wewe mwenyewe, waonyeshe umri wake, wakuambie kwa wilaya yenu. Huyo wa miezi tisa wa duka la pembeni naye aende na kadi, asisubiri.

Na mkienda tena Arua beba chandarua chenu. Matangani watu wanalala ukumbini na uani, watoto wanalazwa kwenye mkeka pembeni ya moto, hakuna anayekumbuka neti.

Mke wa Dereva

Nimemwambia hapa hapa tumekaa. Jumatatu yeye anapeleka kadi zote mbili, mimi nabaki na maduka yote mawili.